Sumaku Juu ya Fuvu: Tumaini na Mipaka Yake katika Ugonjwa wa Sklerosisi

Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka kitanzi cha waya mnene, uliofunikwa kwa plastiki, juu ya kichwa cha mtu mwenye afya. Swichi ilipowashwa ulisikika mlio mmoja mkali, kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, na papo hapo vidole vya mkono wa upande wa pili vikaruka. Mtu huyo hakukusudia kuvisogeza. Hakuchomwa sindano, wala ngozi yake haikuguswa na waya wowote ulio wazi. Amri ya kusogeza mkono ilitoka katika ubongo wake mwenyewe, ila iliyoiamsha amri hiyo ni sumaku.

Jaribio hilo lilizua maswali mawili. La kwanza ni la fizikia: iweje sumaku iamshe ubongo, hali kila mwanafunzi aliyepata kushika sumaku ya maabara anajua kwamba hata akiiweka kichwani mchana kutwa hahisi lolote? La pili ni la utabibu: ikiwa sumaku yaweza kuuamsha ubongo, je, yaweza pia kuuponya? Swali hili la pili limejibiwa kwa haraka mno na watu wengi, hasa wale wenye bidhaa za kuuza. Jibu la kuaminika halina budi kupitia katika lile la kwanza. Na ugonjwa unaofaa sana kulionyesha ni ule ambao madaktari huuita maltipo sklerosisi.

Ugonjwa wa mabaka

Neno sklerosisi maana yake ni kuwa gumu. Mwaka 1868 Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alieleza kwa ukamilifu hali ya wagonjwa waliokuwa wakitetemeka mikono, wakipepesa macho bila kutaka na kusema kwa kukatakata maneno. Walipofariki, ubongo wao na uti wa mgongo vilionekana vina mabaka magumu ya rangi ya kijivu yaliyotapakaa huku na huko. Wafaransa hata leo huuita ugonjwa huu sklerosisi ya mabaka, na jina hilo lina faida ya kueleza kinachoonekana.

Mabaka hayo ni makovu. Ujumbe wa ubongo husafiri katika nyuzi ndefu za neva, na nyingi kati ya nyuzi hizo zimeviringishwa ganda la mafuta na protini liitwalo mielini, tabaka juu ya tabaka, kama kilemba. Walimu hupenda kulifananisha ganda hilo na plastiki ya waya wa umeme. Mfano huo ni mzuri, lakini una mwisho wake. Plastiki huzuia umeme usivuje na basi. Mielini hufanya zaidi ya hayo: ina mapengo madogo, yaliyotengana kwa takriban milimita 1 au pungufu, na ujumbe huruka kutoka pengo hadi pengo badala ya kutambaa uzi mzima. Katika uzi mnene wenye mielini ujumbe waweza kwenda mita 50 hadi 100 kwa sekunde. Katika nyuzi nyembamba zisizo na ganda mwendo ni kiasi cha mita 1 au 2 tu. Tofauti hiyo ni kama ile iliyopo baina ya ndege inayokaribia kuondoka uwanjani na mtu anayetembea kwa miguu.

Katika sklerosisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huigeukia mielini ya ubongo na uti wa mgongo na kuishambulia. Mahali palipochunika, ujumbe huchelewa, hupungua nguvu, au hukatika kabisa. Dalili hutegemea baka limeangukia wapi. Likiwa katika neva ya jicho, mgonjwa huona ukungu. Likiwa katika uti wa mgongo, miguu hufa ganzi au hukakamaa. Likiwa katika ubongo wa nyuma, mikono hutetemeka na mwendo huyumba. Wagonjwa walio wengi hushambuliwa kwa vipindi: ugonjwa huja, hutulia kwa miezi au miaka, kisha hurudi. Kwa wengine huzidi polepole bila nafuu ya kuonekana. Joto huziongeza dalili kwa muda, jambo lililoelezwa na daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890, na ambalo mgonjwa anayeishi Tanga au Mombasa hahitaji kufundishwa ifikapo mwezi wa Februari.

Watu wapatao milioni 2.9 ulimwenguni wana ugonjwa huu. Wanawake ni maradufu ya wanaume au zaidi, na wengi huanza kuugua kati ya umri wa miaka 20 na 40, ndiyo miaka ya kufanya kazi na kulea. Huonekana zaidi katika nchi za mbali na ikweta, kama vile zile za Ulaya ya Kaskazini, kuliko katika nchi za joto. Idadi iliyoandikwa katika Afrika ya Mashariki ni ndogo, ijapokuwa yamkini sehemu ya udogo huo inatokana na uchache wa madaktari wa neva na wa mashine za kupigia picha za ubongo.

Hata hivyo, katika utafutaji wa chanzo cha ugonjwa huu uko uzi mmoja unaorudi Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alieleza uvimbe wa saratani uliokuwa ukiota katika taya za watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakagundua humo virusi vipya, ambavyo sasa huitwa virusi vya Epstein-Barr. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliofuatilia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 pamoja na sampuli za damu zilizohifadhiwa, walionyesha kwamba mtu akiisha kuambukizwa virusi hivyo hatari ya kupata sklerosisi huongezeka mara 32. Lakini karibu watu wazima wote duniani wana virusi hivyo, na walio wengi mno hawaugui sklerosisi kamwe. Virusi, basi, vinaelekea kuwa sharti mojawapo tu, wala si sababu nzima.

Kanuni ya Faraday ndani ya kichwa

Mwaka 1831 Michael Faraday alizungusha nyaya mbili katika pete moja ya chuma. Waya mmoja aliuunga na betri, na wa pili akauunga na chombo chenye sindano ya kuonyesha umeme. Umeme ulipokuwa ukipita kwa utulivu katika waya wa kwanza, sindano ya waya wa pili haikucheza. Ilicheza alipounga betri, na ikacheza tena alipoitenga. Faraday akatambua kwamba kinachozaa umeme si sumaku yenyewe, bali ni mabadiliko ya usumaku. Na kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka, ndivyo umeme unavyokuwa mkubwa.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Sumaku ya maabara iliyowekwa kichwani haibadiliki, kwa hiyo haizai kitu. Hata ukubwa wake haungesaidia. Mashine nyingi za hospitali zinazopiga picha za ubongo zina usumaku wa kudumu wa tesla 1.5, na mgonjwa hulala ndani yake nusu saa bila ya usumaku huo kumchezesha kidole. Koili ya Barker haina usumaku mkubwa kuliko huo kwa tofauti ya kutisha, kwani kilele chake ni tesla 2 hivi. Siri yake imo katika muda. Kapasita hujazwa umeme wa maelfu ya volti, kisha umeme wote humwagwa kwa ghafla kupitia koili. Mkondo wake hufikia maelfu ya ampea, hali jiko la umeme la sahani moja hutumia pungufu ya ampea 10, na shughuli yote humalizika kabla haijatimia sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Tuseme usumaku unapanda kutoka 0 hadi tesla 2 katika muda wa sekunde 0.0001. Kasi ya mabadiliko ni tesla 20,000 kwa sekunde. Sasa ifikiriwe duara chini ya koili, yenye nusu kipenyo cha sentimita 2. Eneo lake ni mita za mraba 0.00126. Kwa kanuni ya Faraday, volti zinazozaliwa kuzunguka duara hiyo ni eneo mara kasi ya mabadiliko, yaani kiasi cha volti 25. Mzingo wa duara ni mita 0.126, kwa hiyo nguvu ya umeme ni volti 200 kwa kila mita ya njia. Katika ubongo wenyewe, ulio chini zaidi ya ngozi na fuvu, usumaku umekwisha kupungua, na hubaki volti 100 hivi kwa mita. Kiasi hicho chatosha kuziamsha seli za neva. Kina cha sentimita 2 au 3 kikipitwa, nguvu haitoshi tena, na sehemu za ndani za ubongo hazifikiwi kwa urahisi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini umeme usipelekwe moja kwa moja. Ulipelekwa. Merton na Morton walifanya hivyo London mwaka 1980 na wakafaulu kuchezesha mkono, lakini mfupa wa fuvu haupitishi umeme vizuri. Mkondo mwingi huishia katika ngozi ya kichwa na kumwumiza mtu. Usumaku hupita katika mfupa kana kwamba haupo. Mwaka 1988, nchini Japani, Ueno na wenzake walitengeneza koili yenye umbo la tarakimu 8, ambayo huelekeza nguvu mahali padogo zaidi, na umbo hilo hutumika mpaka leo.

Kupiga hodi

Kazi ya kwanza ya chombo hiki kwa wagonjwa wa sklerosisi haikuwa kutibu. Ilikuwa kupima, na kazi hiyo yafaa kuelezwa kwa utulivu kwani inaonyesha wazi kile ambacho sumaku inakifanya na kile isichokifanya.

Vipande viwili vidogo vya metali hubandikwa juu ya msuli wa mkono ili kupokea umeme wa msuli unapojikaza. Kisha koili hupigwa juu ya sehemu ya ubongo inayoamuru mkono. Kwa mtu mwenye afya, msuli huitikia baada ya milisekunde 20 hivi. Halafu koili huhamishiwa nyuma ya shingo, mahali neva za mkono zinapotoka katika uti wa mgongo, ikapigwa tena. Msuli huitikia baada ya milisekunde 14 hivi. Ukitoa 14 katika 20 husalia 6. Hizo milisekunde 6 ndizo muda wa ujumbe kusafiri ndani ya ubongo na uti wa mgongo, yaani katika eneo lile lile linaloshambuliwa na sklerosisi.

Ilipofika mwaka 1987 Hess, Mills na Murray walikuwa wamechapisha London vipimo vya namna hiyo kwa wagonjwa wengi wa sklerosisi. Sehemu kubwa yao walikuwa na ucheleweshaji katika njia ya ndani. Muda ambao kwa kawaida ni milisekunde 6 waweza kwa mgonjwa kufika maradufu yake au kupita. Kuanzia shingoni hadi mkononi mwendo ulikuwa wa kawaida, kwa kuwa mielini ya neva za nje hutengenezwa na seli za aina nyingine ambazo ugonjwa huu hauzigusi. Baadhi ya wagonjwa ambao mkono wao ulionekana mzima kabisa walikutwa na ucheleweshaji hata hivyo: baka lilikuwapo, dalili zake bado.

Koili, basi, hupiga hodi mwanzoni mwa njia, na msuli huitikia mwishoni. Kupiga hodi si kukarabati njia. Njia iliyochunika hubaki imechunika baada ya kipimo kama ilivyokuwa kabla yake.

Kutoka kupima hadi kutibu

Mashine za mwanzo zilipiga pigo moja, zikangoja kapasita ijae tena. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilipatikana zinazoweza kupiga mapigo mengi kwa sekunde moja, na hapo ndipo wazo la tiba lilipoanza kushika. Ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1973, kwa majaribio ya Bliss na Lømo juu ya sungura mjini Oslo, kwamba njia ya neva ikipigwa mfululizo wa haraka huwa nyepesi kupitisha ujumbe kwa saa nyingi baadaye. Koili nayo ikaonekana kuwa na tabia inayokaribiana na hiyo. Mapigo 5 au zaidi kwa sekunde aghalabu huuchangamsha ubongo wa juu kwa muda. Pigo 1 kwa sekunde hutuliza. Mwaka 2005 Huang, Rothwell na wenzao wa London walionyesha kwamba mapigo yakipangwa kwa mafungu ya matatu matatu, dakika 3 tu na ushei zatosha kuleta mabadiliko yanayodumu baada ya koili kuzimwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu tiba ya namna hii mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwafaa.

Kwa mgonjwa wa sklerosisi, shabaha iliyochaguliwa na watafiti wengi ni ukakamavu wa miguu. Yeyote aliyekaa na mgonjwa wa hali hiyo anaijua dhiki yake: misuli ya paja na ndama hujikaza yenyewe, magoti hukataa kukunjwa, usiku miguu hushtuka na kumwamsha mgonjwa, na kumvalisha suruali huwa kazi ya watu wawili. Sababu yake ni kwamba uti wa mgongo una vitendo vyake vya kujiendesha, kama lile teke la goti linapogongwa, na kwa kawaida ubongo huvishika hatamu. Mabaka yakipunguza amri zinazoshuka, hatamu hulegea, na msuli hujikaza kwa kuvutwa kidogo tu. Wazo la tiba ni hili: kama sehemu ya ubongo inayoamuru miguu ikichangamshwa, labda amri chache zinazoweza bado kupenya zitakuwa na nguvu zaidi ya kuzishika hatamu.

Mwaka 2007 Centonze na wenzake wa Roma walichapisha matokeo ya jaribio la aina hiyo kwa wagonjwa 19. Mapigo 5 kwa sekunde yalitolewa kwa wiki 2. Ukakamavu ulipungua, kipimo cha umeme cha kitendo cha uti wa mgongo nacho kikapungua, na nafuu iliendelea kuonekana siku 7 baada ya matibabu kusimamishwa. Hayo ni mafanikio ya kweli, na pia ni madogo: wagonjwa wachache, muda mfupi, na nafuu yenye kukoma.

Jaribio lenye mafunzo makubwa zaidi kwa mwanafunzi wa sayansi ni la zamani kidogo, na koili yake haikuwekwa kichwani bali mgongoni. Mwaka 1996 Nielsen, Sinkjær na Jakobsen wa Denmark waliwachukua wagonjwa 38 wa sklerosisi wenye ukakamavu. Baadhi walipata mapigo ya kweli mara 2 kwa siku kwa siku 7; waliobaki walipata tiba bandia, iliyofanywa kwa namna ya kufanana na ile ya kweli bila kuamsha uti wa mgongo. Mgonjwa hakuambiwa yuko kundi lipi, wala aliyempima hakujua. Walipoulizwa kama shughuli zao za kila siku zimekuwa nyepesi, waliotibiwa kweli walieleza nafuu ya asilimia 22. Waliopata tiba bandia walieleza nafuu ya asilimia 29.

Kama utafiti ungeishia katika maswali, na kama kundi la pili lisingalikuwapo, asilimia 22 ingetangazwa kuwa ushindi wa sumaku. Lakini watafiti walipima pia misuli yenyewe. Ukakamavu uliopimwa na tabibu ulipungua kwa kundi la kweli na haukupungua kwa kundi la bandia. Na kasi ya kunyoosha mguu inayohitajika ili msuli ujikaze ilipanda kwa kundi la kwanza na kushuka kwa la pili. Sumaku ilifanya kitu. Kitu hicho, hata hivyo, hakikuwa kile ambacho wagonjwa walikihisi. Walichokihisi kilitokana na kuhudumiwa, kutumaini, na kupumzika wiki nzima mikononi mwa watu wenye huruma. Si kwamba walidanganya. Ubongo wa mtu yeyote, akiwemo mtaalamu, hufanya hivyo.

Tangu hapo majaribio mengi madogo yamefanywa katika nchi mbalimbali, na kwa jumla yanaunga mkono kwamba ukakamavu hupungua kwa siku au wiki kadhaa. Moja linastahili kutajwa. Mwaka 2011 Mori na wenzake wa Roma waliwagawa wagonjwa 30 katika makundi matatu: sumaku pamoja na mazoezi ya viungo, sumaku bandia pamoja na mazoezi, na sumaku peke yake. Sumaku peke yake ilipunguza ukakamavu, lakini haikuleta nafuu katika uchovu wala katika shughuli za kila siku. Ilipounganishwa na mazoezi, nafuu hizo zilionekana. Yaelekea, basi, kuwa koili hulainisha udongo tu, na kupanda ni kazi ya mazoezi.

Hapana jaribio lililoonyesha kwamba sumaku huzuia mashambulizi mapya au kuyafuta mabaka ya zamani. Kazi ya kuzuia mashambulizi hufanywa na dawa zinazoituliza kinga ya mwili, kuanzia interferoni beta iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993 hadi okrelizumabu ya mwaka 2017, ambayo ndiyo ya kwanza kuidhinishwa kwa aina ya ugonjwa inayozidi polepole tangu mwanzo. Mgonjwa anayeacha dawa hizo kwa kutegemea sumaku anabadilisha kinga kwa kitulizo. Aidha koili si chombo cha kuchezea. Haiwekwi karibu na kichwa chenye kipande cha chuma au kifaa cha umeme ndani yake. Mwenye mashine ya kuendesha moyo, au aliyepata kuanguka kifafa, hana budi kuchunguzwa kwanza. Na masikio huzibwa kwa sababu ya mlio.

Sumaku zilizo dhaifu kuliko dunia

Katika miaka ya 1990 zilichapishwa mjini New York taarifa nyingi za mgonjwa mmoja mmoja wa sklerosisi, zikidai kwamba kuona, kutembea na hata kumbukumbu zilirudi kwa saa au siku chache baada ya kichwa kuwekwa katika usumaku wa pikotesla 7.5 hivi, uliokuwa ukibadilika mara chache kwa sekunde. Habari hizo zilienea mbali, na zingali zikitajwa na wauzaji wa vifaa vya sumaku.

Pikotesla 1 ni sehemu moja ya tesla iliyogawanywa mara trilioni 1. Usumaku wa dunia yetu katika Afrika ya Mashariki ni kati ya mikrotesla 30 na 35, yaani zaidi ya pikotesla milioni 30. Hata hivyo msomaji aliyefuata hesabu ya Faraday atapinga, na kwa haki, kwamba usumaku wa dunia umetulia na huo wa koili unabadilika. Basi na ihesabiwe kasi ya mabadiliko. Usumaku wa pikotesla 7.5 unaopanda na kushuka mara 5 kwa sekunde hubadilika, kwa upeo wake, kwa pikotesla 240 hivi kila sekunde. Mtu anayegeuza kichwa katika sekunde 1 ili kumtazama jirani yake hukipitisha kichwa hicho katika mabadiliko ya mamilioni ya pikotesla ya usumaku wa dunia. Kama kiasi kile kingetosha kutibu, kutikisa kichwa kungalikuwa tiba kubwa zaidi mara laki 1. Koili ya Barker, kwa upande wake, huipita ile ya New York kwa mara zaidi ya trilioni 10. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja la tiba ya sumaku ni sawa na kuliita tone la umande na Ziwa Viktoria kwa jina moja la maji: si uongo, lakini hakuna anayeweza kuvua sangara katika umande.

Fizikia peke yake haitoshi kukata shauri. Huenda kukawa na njia isiyojulikana bado. Lakini dai linalopingana na hesabu kwa kiasi hicho lilihitaji ushahidi wa makundi mawili, kama ule wa Denmark, na taarifa za mgonjwa mmoja mmoja haziwezi kuutoa. Tena ugonjwa huu huja na kutulia wenyewe. Chochote atakachopewa mgonjwa siku shambulio linapoanza kutulia, iwe koili, bangili ya sumaku au maji ya kisima, kitaonekana kimemponya.

Panya wa Hobart

Mlango wa ukarabati, hata hivyo, haujafungwa. Ubongo wa mtu mzima huendelea kuzalisha seli changa ziitwazo oligodendrosaiti, ambazo ndizo zinazoviringisha mielini. Nyingi hufa kabla hazijakomaa. Mwaka 2019 Carlie Cullen, Kaylene Young na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tasmania, katika mji wa Hobart nchini Australia, walichapisha habari za panya wazima waliopigwa kila siku mapigo ya usumaku ulio dhaifu kuliko ule wa mashine za kawaida. Idadi ya seli zilizozaliwa haikuwa ndiyo iliyobadilika, bali idadi ya zile zilizosalimika na kukomaa. Kwa mara ya kwanza dalili ilipatikana kwamba mapigo ya sumaku yaweza kuwasaidia mafundi wa mielini wenyewe.

Panya hao hawakuwa na sklerosisi, na kutoka ubongo wa panya hadi wa binadamu ni safari ndefu ambayo tiba nyingi zimeishia njiani. Majaribio kwa wagonjwa yalianza Australia, kwanza kwa kupima usalama, kisha kwa kulinganisha mapigo ya kweli na ya bandia. Ugumu wake mmoja ni wa upimaji. Ubongo wa panya hukatwa vipande na kutazamwa kwa hadubini. Wa mgonjwa haukatwi. Mielini mpya, kama ipo, itabidi itafutwe kwa picha za mashine, kwa mwendo na mikono ya wagonjwa wasiojua wako kundi lipi. Ikiwa ganda limerudi, njia nayo itapasa kuwa nyepesi: koili ipige hodi juu ya fuvu, na msuli wa mkono, uliokuwa ukiitikia baada ya milisekunde 30, uitikie mapema zaidi.